Kitabu vs muvi: maswali mnayoniuliza kila trela ya fantasia ikitoka

Kila trela mpya ikitoka naulizwa yaleyale, nimechoka kujibu moja moja, nimeyakusanya hapa. Nakiri mapema mi ni mtu wa vitabu, kwa hiyo usitegemee refa asiye na upande. Na spoila zimejaa, kama kuna kitu hujasoma wala kuangalia ruka hilo swali.

Kwani nyie watu wa vitabu mna shida gani, mbona kila muvi mnalalamika?

Si kila muvi bana. Ukisikiliza vizuri malalamiko yenyewe utagundua watu wanasamehe kukatwa, ila hawasamehi kugeuziwa mtu wao. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wa nje wanayachanganya.

Chukua The Lord of the Rings. Muvi ya kwanza, 2001, Tom Bombadil, yule mzee wa ajabu wa msituni, hayupo kabisa, yaani sura nzima nzima zimeondoka, nyumba yake, nyimbo zake, mke wake, vyote. Mashabiki waliguna, wengine wananung'unika mpaka leo, lakini wakaingia sinema na wakarudi tena wiki iliyofuata. Alivyoguswa Faramir, yule nahodha wa Gondor, kwenye ile ya pili, 2002, ndo moto ukawaka.

Kwenye kitabu ipo hivi. Wamo pangoni, Sam amekunywa kidogo, ulimi unateleza anaropoka kwamba bosi wake Frodo ana Pete, ile ya uovu ambayo kila mtu anaitamani. Faramir anasimama, mrefu, macho yanang'aa. Frodo na Sam wanaruka kutoka kwenye viti vyao, migongo ukutani, wanapapasa panga. Pango zima kimya. Halafu Faramir anakaa chini tena, anaanza kucheka polepole. Basi. Ameshinda mtihani ambao kaka yake Boromir, aliyejaribu kumnyang'anya Frodo Pete, alifeli, na ameushinda akiwa amekaa kwenye kiti. Mi nilivyosoma hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu kidogo nikapumua.

Kwenye muvi anawabeba Frodo na Sam mpaka mji wa Osgiliath akitaka kupeleka Pete kwa baba yake, anawaachia mwishoni. Waliotengeneza walijitetea kwamba muvi nzima inamwonyesha mtazamaji kuwa Pete inamtia tamaa kila mtu, sasa akitokea mmoja haimgusi kabisa Pete inapoteza makali. Hoja nzuri, naielewa, na bado inaniuma, kwa sababu kile walichokiondoa hakikuwa tukio, ilikuwa tabia ya mtu.

Hiyo ishu ya Dumbledore na "kwa utulivu" ni nini? Kila mtu anacheka mi sielewi

Harry Potter na kile kikombe cha moto, kitabu cha nne, 2000. Jina la Harry limetoka kwenye kikombe kinachochagua washindani bila yeye kuliweka, na Dumbledore, mkuu wa shule yao ya wachawi, anamuuliza kama ameliweka yeye. Mwandishi kaandika kwamba aliuliza kwa utulivu. Neno moja tu hilo.

Muvi ya 2005 sasa. Dumbledore wa Michael Gambon anaingia mbio, anamkamata Harry, anamsukuma kwa nyuma huku anamtikisa na kumfokea lile swali. Watu wakaweka picha mbili pembeni, sentensi ya kitabu na yule babu anayekimbia, na utani ukadumu kwa miaka, mpaka ambao hawajawahi kusoma kitabu wanaujua.

Mnacheka lakini huo ndo mfano bora kabisa wa ninachosema. Ni sekunde chache tu, hamna kilichokatwa, hadithi haijabadilika hata kidogo, maneno yenyewe karibu ni yaleyale. Ila msomaji aliyekaa na huyo mzee vitabu vitatu nzima anajua huyu ni mtu ambaye kadiri mambo yanavyokuwa mabaya ndivyo sauti inavyoshuka, sasa ukimfanya afoke umeniletea mtu mwingine amevaa ndevu zake.

Si wangeweka tu kitabu chote mkaacha kelele?

Haiwezekani, hesabu inakataa. Ukurasa mmoja wa skripti unakadiriwa kuwa dakika moja hivi ya muvi. Hicho kitabu cha nne toleo la Uingereza kina kurasa 636, muvi ni dakika 157. Hata ukibana vipi kuna watu watabaki nje, ndo maana Winky, yule mtumishi mdogo wa kichawi, hayupo. Peeves, mzuka mtundu wa shule, ni kisa kingine, kwenye ile muvi ya kwanza aliigizwa kabisa na Rik Mayall, wakapiga picha, halafu wakamwondoa kwenye uhariri.

Ila pia msidhani urefu ndo dawa. The Hobbit ni kitabu kimoja cha 1937, cha watoto, kama kurasa mia tatu hivi. Wakatoa muvi tatu, 2012, 2013 na 2014, ukizijumlisha unakaribia saa nane! Unaweza kukisoma chote kwa sauti ukamaliza si mbali sana na hapo. Sasa nafasi ilivyozidi wakaanza kuijaza, wakamleta Tauriel, elfi wa kike ambaye hayupo kitabuni, wakampa mapenzi na kibeti, Legolas, yule elfi wa Lord of the Rings, naye akatokea na wivu wake. Mashabiki wengine wakaingia kwenye kompyuta zao wakazikata zote tatu wakatengeneza moja ya kama saa nne, Tauriel nje, mapenzi nje. Yaani kwa mara ya kwanza watu wa vitabu walikuwa wanaomba vitu vipunguzwe.

Upande wa pili kabisa kuna The Dark Tower ya 2017, mlolongo wa vitabu vinane, muvi dakika 95. Hata sijui nianzie wapi hapo, tuendelee.

Mwandishi akishirikishwa si inakuwa salama?

Inasaidia, lakini si bima. Kwanza mjue kwamba mwandishi akishauza haki za filamu mara nyingi hana kauli ya mwisho. Anaweza kuitwa mshauri, anatumiwa skripti, anatoa maoni, maoni yanawekwa kwenye droo.

Rick Riordan, mwandishi wa Percy Jackson, ndo mfano wangu wa siku zote. Percy kwenye kitabu cha kwanza (2005) ana miaka 12. Mwaka 2009 Riordan aliwaandikia watayarishaji barua pepe akawaonya wasimkuze, akawaambia wazi wasomaji wake ni watoto na skripti ilivyo itawaudhi. Hawakumsikia, muvi ikatoka 2010 Percy ni kijana mkubwa tu, na yote aliyoyatabiri yakatimia. Mwaka 2018 akaziweka barua zenyewe hadharani na ukizisoma unamwonea huruma. Iliporudi kama mfululizo Disney+ Desemba 2023 yeye na mke wake walikuwa ndani ya chumba, na Percy akawa mtoto tena.

Michael Ende yeye alipigana kabisa. The NeverEnding Story ya 1984 aliichukia kiasi cha kwenda mahakamani, akashindwa kesi. Na cha ajabu kuna kizazi kizima kimekua kinaipenda ile muvi, yule joka mwenye manyoya, yule farasi anayezama kwenye tope (usiniguse hapo). Kwa hiyo hasira ya mwandishi na mapenzi ya watazamaji vinaweza kukaa nyumba moja bila kusalimiana.

Kinyume chake yupo William Goldman, aliandika The Princess Bride kama riwaya na skripti ya 1987 akaiandika mwenyewe, na watu wa kitabu na wa muvi wote wakaridhika. Lakini yeye tayari alikuwa fundi wa skripti mwenye Oscar mbili kabatini. Kuandika riwaya na kuandika skripti ni kazi mbili, si kila mwandishi wa kitabu anaiweza ya pili.

Mbona ugomvi mkubwa unaanza hata kabla muvi haijatoka?

Kwa sababu ya waigizaji. Jina likitangazwa tu, picha moja tu, watu washawaka. Hapa mi nagawanya malalamiko mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni pale ambapo muonekano umebeba hadithi. Macho ya Harry ni ya kijani, kitabu kinarudia mpaka unakariri, ana macho ya mama yake. Daniel Radcliffe macho yake ni ya bluu na lenzi zilimsumbua wakaachana nazo, sawa, hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini muvi ziliendelea kuwa na watu wanaomwambia ana macho ya mama yake, halafu muvi ya mwisho wanamwonyesha mama yake akiwa mtoto... macho ya kahawia! Jamani. Hamkuhitaji kijani, mlihitaji tu yafanane.

Kubwa zaidi ya hilo ni Earthsea. Ursula K. Le Guin aliijenga dunia ambayo watu wengi wana ngozi nyeusi au ya kahawia, Ged, shujaa wake, ana rangi ya kahawia-nyekundu, weupe ni wachache, na aliifanya kwa makusudi kabisa kwa sababu alichoshwa na fantasia ambayo kila shujaa ni mzungu. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikatengeneza mfululizo mfupi, Ged mweupe. Le Guin akaandika makala kulalamika, na alikuwa na haki mia kwa mia, hapo rangi haikuwa pambo, ilikuwa ndo hoja yenyewe ya kitabu.

Fungu la pili ni pale ambapo muonekano ni rangi ya ukutani tu, nyumba inasimama bila hiyo. Annabeth wa Percy Jackson ana nywele za dhahabu kitabuni. Leah Jeffries, binti mweusi, alipotangazwa 2022 alikuwa na miaka 12, na watu wazima na akili zao wakamshukia mtoto kwa matusi wakijificha nyuma ya "lakini kitabu kilisema". Riordan akaandika waziwazi kwamba huo ni ubaguzi na kwamba alimchagua kwa sababu ana roho ya Annabeth. Mi nachojiuliza, hao watetezi wa maandishi walikuwa wapi siku ya Ged? Asilimia kubwa walinyamaza kimya.

Kwa hiyo ukiniuliza mwigizaji fulani anafaa au hafai, nitakuuliza kwanza hicho unachokilalamikia kinafanya kazi gani kwenye hadithi. Ukikosa jibu, nenda kanywe maji.

Kelele za mashabiki zinabadilisha kitu kweli?

Mara chache, na mara nyingi ni vitu vidogo. Annabeth wa muvi ya 2010 alikuwa na nywele nyeusi-nyeusi, mashabiki wakapiga kelele, muvi ya pili 2013 akatokea nywele za dhahabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Muvi yenyewe haikupona, lakini nywele zilirekebishwa, hongereni.

Kubwa zaidi ni Arwen, yule elfi mpenzi wa shujaa Aragorn. Kwenye mipango ya The Two Towers, ile muvi ya pili ya Lord of the Rings, alikuwa apigane vita ya Helm's Deep, walishampiga picha kabisa akiwa na upanga. Habari zikavuja mtandaoni, watu wa vitabu wakachachamaa, na waandishi wa skripti wenyewe nao wakawa washaanza kuona haikai sawa, akatolewa, akarudishwa kwenye ile hali ya kuwa mbali na Aragorn. Kwenye muvi iliyotoka hayupo vitani.

Halafu kuna kelele ambazo hazikuzaa kitu. Baada ya sizoni ya 8 ya Game of Thrones, 2019, saini zaidi ya milioni moja na nusu zilikusanywa kuomba irudiwe upya na waandishi wengine. Haikurudiwa. Mwaka 2022 The Rings of Power, mfululizo wa Amazon wa hadithi za kabla ya Lord of the Rings, ilipotoka watu walimwaga nyota moja moja kwa wingi hadi Amazon wakawa wanazishikilia komenti saa 72 kabla ya kuziachia. Hapo huwezi tena kujua nani ameangalia na nani amekuja kugombana, na sisi wenye lalamiko la haki tunawekwa kapu moja na wahuni.

Na msidhani ni mashabiki wa nje tu. Christopher Lee, aliyeigiza mchawi mbaya Saruman, alikuwa anakisoma The Lord of the Rings kila mwaka na aliwahi kukutana na Tolkien, mwandishi wake. Walipoondoa sehemu zake zote kwenye The Return of the King ya sinema, 2003, alisusa uzinduzi. Zikarudishwa kwenye toleo refu la nyumbani. Yaani mzee wa miaka zaidi ya 80 amenuna kama sisi tu, nampenda sana.

Mbona Lord of the Rings mmeisamehe makosa yote hayo na Eragon mkaizika?

Swali zuri. Si kwamba moja ilifuata kitabu na nyingine haikufuata. Mwongozaji Peter Jackson alibadilisha mengi, Faramir nshasema, kuna elfi Haldir anayekufa vitani wakati kitabuni hafi, kuna mwisho wote wa hobiti (wale watu wadogo kama Frodo) kurudi nyumbani na kukuta kwao kumeharibiwa, umefutwa. Na bado ile ya tatu ikashindanishwa Oscar 11 ikabeba zote 11.

Tofauti ni kwamba unaona mkono wa mtu aliyesoma. Alan Lee na John Howe, wachoraji waliokuwa wanachora dunia ya Tolkien kwa miaka, waliajiriwa kuisanifu muvi. Kwa hiyo msomaji anaingia sinema anakuta milango, madaraja na minara ambayo ni kama ameshaiona kwenye kava la kitabu chake. Ukishampa mtu hiyo dakika kumi za kwanza akajisikia yupo nyumbani, atakuvumilia mengi baadaye.

Sasa Eragon ya 2006. Kitabuni joka Saphira anatotolewa mdogo, na kijana anamficha msituni, anamlisha kwa siri, wiki zinaenda, joka anakua, anajifunza maneno, hapo ndo urafiki wao unajengwa. Kwenye muvi anaruka juu mawinguni akiwa mdogo, mwanga unamulika, anashuka akiwa mkubwa na anaongea. Nakumbuka niliyekaa naye alinigeukia akaniangalia tu, hakusema kitu. Uhusiano wote wa kitabu umetatuliwa kwa wingu moja. Hapo hata nyimbo za malaika hazikuokoi.

The Golden Compass ya 2007 yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho, ikapata hadi Oscar ya madoido, lakini waliukata mwisho wa kitabu, ambao walikuwa washaupiga picha, eti wauweke mwanzoni mwa muvi ya pili. Muvi ya pili haikuja kamwe. Kwa hiyo Lyra, binti shujaa wa hadithi, anaondoka na furaha anamfuata baba yake, na aliyesoma amekaa kwenye kiti anajua kinachomsubiri yule rafiki yake Roger na hawezi kumwambia mtu.

Kuna muvi iliyobadilisha karibu kila kitu na bado mkaipenda?

Howl's Moving Castle, 2004. Kitabu cha Diana Wynne Jones, 1986, kina mchawi Howl ambaye kumbe ni jamaa wa kawaida kutoka Wales, ana dada anayemgombeza, mlango mmoja wa kasri unafungukia huko. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni kutoka Japani, akatupa hiyo yote akaweka vita na ndege za mabomu. Lakini Howl ni yuleyule, mwenye majivuno, mwoga, anayelia utelezi wa kijani nyumba nzima kwa sababu nywele zimeharibika rangi. Mwandishi mwenyewe aliipenda. Tukio lingine, mtu yuleyule, hatuna kesi.

Mfululizo si bora kuliko muvi basi?

Kwa vitabu vinene, ndio, mi nakubali. Vile vitabu vitatu vya Lyra wa Golden Compass (His Dark Materials) vikapata sizoni tatu, 2019 hadi 2022, kitabu kimoja sizoni moja, na mwisho haukukatwa. Harry Potter nayo ilitangazwa upya 2023 kama mfululizo. Ila muda mwingi ni nafasi nyingi pia ya kumharibu mtu polepole, tusishangilie mapema.

Nianze na kitabu au muvi?

Kama unajijua una moyo mwepesi anza na muvi, uifurahie, halafu kitabu kitakuwa kama kupewa zawadi juu ya zawadi. Ukianza na kitabu jiandae kupoteza kitu ambacho hakirudi.

Mi nilikuwa na Aragorn wangu. Nilimsoma nikiwa mdogo kabla ya kuona muvi yoyote, na sura nilimpa ya mjomba wangu mmoja, mwembamba, pua ndefu, mvi kidogo pembeni, mtu wa kukaa kona na kusikiliza. Nilikaa naye miaka. Halafu nikaangalia muvi, na Viggo Mortensen ni mzuri, sina hata neno moja baya juu yake, hilo ndo tatizo. Mwaka uliofuata nikafungua kitabu, ile sehemu amekaa kona ya baa na kofia imefunika uso, nikamtafuta mjomba. Hayupo. Nikasoma ukurasa ule mara mbili, nikajaribu kulazimisha ile pua. Viggo tu.

Kwa hiyo mtu akinuna kwa sababu ya muvi nzuri kabisa, msimcheke sana, huenda kuna mtu wake kapotea humo.

Sijasoma kitabu, naruhusiwa kujiita shabiki?

Ndio. Next.

Mwisho kabisa, kwanini wale tai hawakumbeba Frodo moja kwa moja mpaka Mordor, alikopaswa kuiharibu Pete?

Hilo hata kwenye kitabu lipo, siyo kosa la muvi, na nimeshalijibu mara nyingi kuliko siku zangu za kuzaliwa. Nimefunga ofisi.